Kitabu cha Mke Mwenzangu

Niseme mapema, ili asiyetaka aishie hapa: mimi nilikuwa mwanamke mwenye wivu. Si ule wivu wa kugombea mume. Mume wetu alikuwa mtu mpole, mpenda ng'ombe, asiye na maneno, na mwanamke aliyemtaka ningempa na kitanda juu. Wivu wangu ulikuwa juu ya kitabu. Tena si kitabu kizima, maana kizima hakikuwa.

Majina sitataja. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu wa kuaibika. Na la kwangu mwenyewe limekaa bila kutumiwa miaka mingi mno, kuliandika hapa naona kama naazima nguo ya mtu.

Tulikaa upande wa Kishapu, kwenye nchi ya pamba na vumbi. Niliolewa bado binti, nikakaa miaka sita bila mtoto. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, na lile alilokuja nalo linabaki kwa wazazi wake. Mimi sikuwa na la mtoto, na la kwetu hakuna aliyelitumia. Niliitwa mke wa fulani, au "wewe". Lakini msimu wa pamba nilikuwa mtu, tena mtu mkubwa, na sababu yake ni hadithi.

Pamba ikishavunwa haipelekwi chama cha ushirika hivi hivi. Inachambuliwa. Nyeupe isiyo na doa ni safi, yenye madoa na majani makavu ni fifi, na karani wa chama akikuta fifi ndani ya gunia la safi anakurudisha nalo nyumbani mbele za watu. Kwa hiyo mchana, jua likishapungua ukali, wanawake wa jirani walikusanyika uani kwetu, kila mmoja na fungu lake mbele yake. Vidole vina kazi, masikio hayana. Hapo ndipo anapotakiwa msimulizi, na utaratibu ulikuwa mmoja: anayesimulia hachambui. Anakaa kwenye kigoda anasema, na fungu lake linachambuliwa na wanaosikiliza. Mimi miaka sita sikuchambua pamba. Nilikuwa na hadithi za fisi, za sungura, za shangazi mchawi, na nilijua mahali pa kunyamaza ili watu waseme, "Ehe? Ikawaje?" Hiyo "ikawaje" nilikuwa naiishi mwaka mzima.

Ndipo mama mkwe akaamua mwanawe aoe tena. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa msichana wa jirani, mwenye mapaja na haya. Akaletwa binti mwembamba aliyelelewa Shinyanga mjini na shangazi yake, mpishi kwenye nyumba ya Mhindi mmoja muuza vitambaa karibu na stesheni ya reli. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Alikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, chini ya kanga, mlikuwa na kitabu alichopewa na mke wa yule Mhindi siku walipokuwa wakifagia stoo. Hakikuwa na jalada mbele wala nyuma. Hakuna aliyejua kinaitwaje wala nani alikiandika. Yeye alisema tu kwamba ni riwaya ya zamani sana, ya nchi za watu, iliyogeuzwa Kiswahili.

Alinipigia magoti akasema, "Shikamoo dada." Nikaitika marahaba. Nikamwangalia mikono, laini kama ya karani, nikafikiri moyoni kwamba mwezi mmoja wa jembe utamfundisha.

Msimu ule wa kwanza, siku ya tatu ya kuchambua, nilikuwa katikati ya hadithi ya fisi aliyeoa. Jirani mmoja mwenye kiherehere akamwuliza mke mdogo, "Na wewe wa mjini, huko mnasimuliana nini?" Akaona haya. Akaenda ndani akarudi na kitabu. Akasoma ukurasa mmoja. Akasoma wa pili. Fisi wangu akabaki njiani na mahari yake mpaka leo, hakuna aliyeuliza ilikuwaje.

Ilikuwa habari ya mwanamke. Aliolewa kwenye nyumba kubwa ya wafumaji, kando ya mto, na siku ya kuingia mama mkwe wake akamwambia: hapa bibi harusi tunampa jina letu, lile la kwenu liache mlangoni. Akaliacha. Akafuma, akapika, akazeeka kidogo. Basi siku moja sokoni kikongwe mmoja akaita jina, mara tatu, kwa furaha, na watu wote wakageuka ila yeye. Alipofika nyumbani akaweka kikapu chini ndipo akakumbuka kwamba jina lililoitwa lilikuwa lake. Akarudi mbio sokoni. Kikongwe ameondoka. Tangu hapo hakupata raha. Akawa anatafuta mtu yeyote aliyemjua alipokuwa binti, ili amwulize alikuwa nani.

Nakumbuka vidole vyangu vilisimama kwenye pamba. Ndiyo, kwenye pamba, maana tayari nilikuwa nachambua. Fungu langu, na robo ya fungu la mke mwenzangu, kama wasikilizaji wengine wote. Yeye amekaa kwenye kigoda changu.

Wanawake walikipokea kitabu kile kama habari za kijiji cha pili. Kiliposema theluji imeanguka, walimsimamisha wakataka kujua inaanguka kutoka wapi na kama inaharibu mazao. Yule mwanamke alipoanza kufikiria kuondoka kwa mumewe, mama mkwe wetu, aliyekuwa akivuta tumbaku yake mlangoni, akauliza, "Na ng'ombe? Baba yake amerudisha ng'ombe?"

"Kitabu hakisemi, mayu," mke mdogo akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kitabu gani kinakaa kurasa zote hizo kisiseme habari ya ng'ombe!"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilikuwa nawaka. Nilimpenda yule mwanamke wa kitabuni kwa namna iliyoniudhi. Nilikuwa nimeishi miaka sita nikidhani ninalolihisi halina maneno, kumbe lina maneno, yameandikwa, na yako kwenye sanduku la msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hajapata taabu yoyote. Haki iko wapi? Habari ni yangu, kitabu ni chake.

Mwisho wa msimu akatusomea mwisho. Mwanamke anavuka daraja, anakwenda, anazunguka nchi. Halafu anarudi. Anasimama kwenye ule mlango wa wafumaji, anabisha, sauti ya ndani inauliza "Nani?" naye anataja jina lake, lile la kwao. Mlango unafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ni bibi harusi ameingia. "Rudia hapo! Rudia!" Akarudia. Kesho yake wakaja hata waliomaliza pamba yao, wakasema, "Tusomee tu pale mlangoni." Siku tano mfululizo tulimrudisha kwenye kurasa zile.

Mwaka ule ule akazaa mtoto wa kike, na mama mkwe akatoa shauri: mtoto wa kwanza ni wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza. Haikuwa ajabu kwetu. Alipoacha ziwa akaletwa kulala kwangu, na watu wakaanza kuniita mimi kwa jina lake, Mama fulani. Siku ya kwanza kuitwa hivyo kisimani niliangusha ndoo. Mke mwenzangu, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, akabaki anaitwa "bibi mdogo". Sikumwonea huruma. Nilijiambia kwamba yeye ana kitabu, na mimi nina jina, tumegawana. Nililishika jina lile kwa mikono miwili, na kila alipombeba mtoto nilihesabu muda anaokaa naye.

Ungedhani wivu ungeisha hapo. Wivu hauli ukashiba.

Masika moja, mume yuko mnadani, mama mkwe alikosa karatasi ya kusokota tumbaku. Kawaida alitumia gazeti lililofungiwa sukari, na siku zile sukari yenyewe ilikuwa hadithi. Akanituma nitafute. Mke mdogo alikuwa lamboni anachota maji. Nikaingia chumbani kwake, nikafungua sanduku, nikakishika kitabu kile kwa mara ya kwanza. Kusoma sikujua. Hata upande wa kuanzia sikuujua. Nikafikiri kama mtu mwenye akili: upande uliochafuka zaidi kwa vidole ndio walioanza kuusoma, kwa hiyo ndio mwanzo, na mwanzo umeshasikiwa, hakuna atakayeutaka tena. Nikachana karatasi nne za upande ule mchafu. Nikampelekea mama mkwe. Akazivuta siku nne, na mimi nikakaa karibu nikinusa moshi, na nasema kweli, nilifurahi.

Mke mdogo hakusema neno. Nilimwangalia wiki nzima. Nikadhani hajagundua.

Kisha kikaja kisomo. Kila mtu mzima asiyejua kusoma aandikishwe, na mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali kutoka upande wa Maswa. Tulisomea kwenye ghala la chama, kati ya magunia, na vitabu vyetu vilihusu pamba: mbegu, nafasi za mistari, dawa ya wadudu. Wenzangu walikwenda wakisukumwa. Mimi nilikwenda mbele ya wote. Mwalimu akanisifu, akasema huyu ana moyo wa maendeleo. Maendeleo gani! Nilikuwa na shabaha moja, kufika kwenye kile kitabu nimsome yule mwanamke mwenyewe bila kupitia mdomo wa mtu.

Nilianza kukisoma kwa siri, mke mdogo akienda lamboni, mstari mmoja kwa safari moja ya maji. Kidole chini ya neno, midomo inatembea. Nikaona kweli kinaanzia katikati ya maneno, mwanzo wake hakuna, nikasema kimoyomoyo: hiyo ni kazi ya mikono yako. Nikaona aibu kidogo, nikaendelea. Ilinichukua tangu palizi hadi mavuno. Na nilipofika karatasi ya mwisho, nikasoma hivi: mwanamke amevuka daraja, hakugeuka nyuma. Ukurasa umekwisha. Nikatafuta karatasi inayofuata, haipo. Hakuna mlango, hakuna "Nani?", hakuna kurudi.

Nilikaa sakafuni na kitabu mapajani. Kumbe alitudanganya. Mwanamke alikwenda zake, moja kwa moja, na huyu msichana akatutungia wa kurudi, wa kutufaa sisi wake wa kukaa majumbani. Ule mwisho wa kweli akaufungia kwenye sanduku, uwe wake peke yake. Sijapata kuona choyo cha namna ile. Sukari mtu anaweza kunyimwa, lakini mwisho!

Nikangoja. Msimu ule wanawake walikuwa wameomba kitabu kile kisomwe upya, na nilijua siku ya mlangoni itafika. Ikafika. Ua umejaa, mama mkwe yuko mahali pake, mtoto amelala mgongoni kwangu. Mke mdogo ameshika kitabu, amefungua ukurasa wa mwisho, ananyoosha sauti: "Akabisha. Sauti ya ndani ikauliza, Nani?"

Nikasema, "Wapi hapo?"

Akainua macho kutoka kitabuni.

"Nionyeshe kwa kidole hapo unaposoma." Nikasimama, nikamnyang'anya kitabu, na mbele za watu nikasoma mwenyewe, kwa kugugumia, silabi moja moja, lakini nikasoma: a-ka-vu-ka da-ra-ja, ha-ku-ge-u-ka nyu-ma. "Basi! Kimeishia hapo. Huyo wa kurudi umemtoa wapi? Miaka yote hii tunakuchambulia pamba yako, wewe unatulisha uongo. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu."

Wanawake waliguna. Mmoja akasema, "Yaani tulipiga vigelegele bure?" Mama mkwe akatema mate pembeni, akavuta tumbaku yake.

Mke mwenzangu alinitazama, akamtazama mama mkwe, akatazama moshi. Nilidhani anatafuta uongo mwingine. Mwishowe akasema, "Sawa dada. Kama kimeishia hapo, kimeishia hapo." Akasogeza fungu mbele yake akaanza kuchambua.

Kwa wiki tatu nilirudi kwenye kigoda changu. Nilisoma vibaya, watu wakasinzia, lakini nilisoma. Yeye alichambua fungu lake na robo ya langu, safi huku, fifi huku, hakukosea hata punje. Siku ya gulio akaniaga kwamba anakwenda kununua chumvi. Akambusu mtoto, jambo ambalo kwetu watu hawalifanyi mbele za watu. Nilipoingia chumbani kwake sanduku la bati halikuwapo. Kitabu alikiacha juu ya kitanda, kimefungwa kwenye kanga ya mtoto.

Watu walisema amefuata yaliyomo kitabuni. Mume wetu alisema, "Amekwenda," akaenda kuwatazama ng'ombe. Mama mkwe alitaka baadhi ya ng'ombe warudishwe, ikawa kesi ndefu na baba yake, haikufika popote. Na mimi? Nilikuwa nimepata vyote, kigoda, kitabu, mtoto, jina. Nikamwonea wivu kwa kuwa ameweza kuondoka.

Miaka ikapita. Siku zile vijana wetu walianza kukimbilia Geita kutafuta dhahabu, na waliorudi walileta habari kwamba yuko Rwamgasa, hakuolewa, anauza uji na maandazi kwa wachimbaji, tena anawaandikia barua. Watu wa kila kabila wamejaa kule, wengi hawajui kalamu, wanapanga foleni kwake. Na wote, mkubwa na mdogo, wanamwita kwa jina lake. Aliyenihadithia akalitaja. Ndipo nikagundua kwamba nimekaa na mtu yule nyumba moja miaka minne na jina lake sikuwahi kulisikia.

Mtoto alikuwa darasa la tano. Kitabu alishakisoma mara mbili. Wajuzi wa mambo ya watu hawakosekani. Wakamwambia aliyemzaa ni nani na yuko wapi. Jioni moja akaniletea barua aliyoiandika kwa mwandiko wake wa mviringo. Ilikuwa fupi: mimi ni mwanao, naomba nije nikuone. Akasema, "Mama, mtu akienda Geita tumpe."

Nikaipokea. Nikaitia kifuani. Nilijua anachokiomba hata kama yeye hakujua. Akienda akakaa kule, mimi nitaitwa nani? Nimeshakuwa "wewe" miaka sita, nilijua ladha yake. Nikamdanganya kwamba nina msiba upande wa Ziwa, nikapanda lori. Nilipanga nimwombe yule mwanamke asimpokee. Akikataa, nipige magoti. Akizidi kukataa, barua asiione.

Safari ilikuwa ya siku mbili, Mwanza, kivuko, Geita, na lori jingine. Rwamgasa niliikuta mchana, imejaa vibanda vya maturubai na nyasi, kelele za watu wanaotwanga mawe ili yatoke unga, kila mtu amepauka kwa vumbi. Nikaulizia kwa lile jina, nikajisikia ajabu kulitamka. Wakanielekeza kwenye kibanda cha matope chenye mlango wa bati. Ulikuwa umefungwa.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ile ile ya kusomea.

Na mimi bila kufikiri, kama ninavyojibu kila mlango miaka yote, nikasema, "Mama," nikalitaja jina la mtoto.

Ndani kijiko kilichokuwa kinakoroga kikasimama.

"Mama yake ni mimi," akasema taratibu. "Wewe ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nakwambia ukweli, hakikutoka kitu. Nilisimama pale mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, ninatafuta. Kisha bati likasogea, akaniona. Akapiga magoti kwenye vumbi kama siku ile ya kwanza. "Shikamoo dada. Karibu ndani."

Alinipa maji, akanipa uji. Mikono yake ilikuwa imekomaa, na kwenye kidole cha kati palikuwa na doa la wino. Hata doa lile nililionea wivu. Tukaulizana ya nyumbani, mume, mvua, mama mkwe aliyekwisha kufariki. Sikuweza kuanza habari ya mtoto, nikaanza ya kitabu. Nikamwambia kwamba mtoto anakipenda, na amesikia kwa watu, ananiuliza kwa nini nilimwita aliyekuwa akikisoma mwongo.

Akacheka kidogo. "Unamjibu nini?"

"Kwamba mwisho haukuwemo."

"Ulikuwemo, dada. Kitabu kilipotoka kwa Mhindi mwanzo ndio haukuwepo. Mwisho ulikuwepo wote, karatasi nne. Wewe ndiye unayejua zilikokwenda."

Upande mchafu. Upande uliochakaa kwa vidole. Kwani sisi tulimrudisha wapi siku tano mfululizo, kama si mlangoni?

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua siku ile ile. Moshi wa kitabu si moshi wa gazeti. Nilikuwa naukumbuka mwisho kwa moyo, nikasema haina neno, nitausoma hivyo hivyo."

"Na siku nilipokusimamisha? Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mke mkubwa ameiba, na mayu aliyekaa pale ameuvuta? Mbele ya watu wote wale?" Akakoroga uji. "Nilivumilia mengi kwa ajili ya zile karatasi nne, dada. Mtoto mlinichukulia, jina mkanichukulia. Nilikuwa najiambia, yule alirudi akataja jina lake akafunguliwa, na mimi iko siku. Wewe ukasimama ukasema kimeishia darajani. Wote wakakubali. Nikaona hata mimi nakubali."

Sikuwa na magoti ya kupiga tena. Nikatoa barua kifuani, imelowa jasho, nikamkabidhi. Aliisoma bila sauti. Ilikuwa mistari mitatu, lakini alikaa nayo muda mrefu kuliko kitabu. Nami nikamtazama usoni na nikaona wivu, nisikufiche, kwa sababu uso ule ulikuwa uso wa mtoto.

"Simchukui," akasema mwishowe. "Usinitazame hivyo. Pale si pa kumtoa mtoto kumleta hapa kwenye mashimo. Mvua zikikatika nitakuja. Nitabisha hodi kama mtu yeyote, mtauliza nani, nami nitajibu. Mkifungua, mmefungua."

Kesho yake asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye lori. Wachimbaji walimwita njiani, mmoja baada ya mwingine, na kila alipoitwa aligeuka papo hapo. Lori lilipowashwa akanishika mkono akauliza, "Dada, kwenu ulikuwa unaitwa nani?" Nikamwambia. Lilitoka kwa shida. Alilirudia mara mbili ili lisimpotee, akapunga mkono.

Njia nzima nililisema kimoyomoyo, kwenye lori, kwenye kivuko, Shinyanga stendi. Nilifika nyumbani magharibi, sauti imekauka kwa vumbi, mlango umefungwa kwa komeo. Ndani nilimsikia mtoto anatwanga. Nikabisha.

Kinu kikanyamaza. "Nani?"

Nikakusanya pumzi, nikataja jina langu lote, na la baba yangu, kama nilivyolitaja siku ya kuandikishwa kisomo.

Mtoto alifikiri kidogo. Ni mtoto mwenye adabu. "Shikamoo," akasema toka ndani. "Huyo hapa hayupo. Labda jirani. Na mama amesafiri msibani."

Mchi ukaanza tena. Nilisimama nje na mzigo wangu, nikamwonea wivu yule mwanamke wa wafumaji kuliko nilivyowahi kumwonea mtu maishani mwangu. Kisha nikabisha tena, nikasema, "Fungua, ni mama." Akaja mbio.